Kuteleza Si Kuanguka

Waswahili wana methali isemayo kwamba kuteleza si kuanguka. Methali hiyo husikika mara nyingi siku za masika katika mitaa ya Katindiuka, hapo Ifakara, kijana wa pikipiki anapoinuka kutoka topeni, akafuta magoti, akanyosha usukani uliopinda, na wenzake wakamcheka pasipo ubaya. Wao humfariji kwa maneno hayo, naye hujifariji. Kisha huwasha chombo chake akaenda zake. Nasi hatutaki kumnyima faraja yake. Lakini neno lenyewe lastahili kuulizwa maswali machache. Maana kama kuteleza si kuanguka, ni nini basi? Ni onyo, au ni cheti cha ustadi? Ni rehema ya Mungu, au ni bahati tu? Mtu aliyeponea chupuchupu asubuhi, je, ifikapo jioni amekuwa mwangalifu zaidi, au amekuwa jasiri zaidi? Swali hili si la mchezo. Katika jibu lake wako watakaofika nyumbani Jumamosi usiku, na wako watakaopelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko wamelazwa juu ya machela.

Kwanza tujiepushe na kosa la wale wanaokemea wakiwa ndani ya motokaa. Pikipiki katika bonde la Kilombero si anasa. Mashamba ya mpunga yako mbali na nyumba. Vigango viko mbali na parokia. Zahanati iko mbali na mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane. Ni nani amfikishaye mama huyo hospitalini? Aghalabu ni kijana asiyejulikana hata jina, aliyeamshwa kwa hodi, akaja amevaa koti juu ya fulana, akampakia mama katikati na dada yake nyuma akimshika, kinyume cha kila kanuni ya barabarani. Tumhukumu? Hatuna uso wa kumhukumu. Katekista naye huzungukia vigango vyake kwa chombo hichohicho, na mwalimu, na mchuuzi wa samaki wakavu. Serikali yetu ilipoweka kanuni za kuchukua abiria kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, ilikuwa yakiri jambo ambalo wananchi walikwisha kuliamua wenyewe kwa miguu iliyochoka.

Barabara nayo imebadilika, na mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa habari yetu. Wazee wanakumbuka njia ya kutoka Kidatu mpaka Ifakara, kilomita zipatazo 67, jinsi ilivyokuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na uji mzito wakati wa masika. Leo njia hiyo ni ya lami. Wanakumbuka kivuko cha mto Kilombero, na kungoja kwake. Tangu mwaka 2018 liko daraja, na mtu wa Ulanga au Malinyi huvuka pasipo kumwomba mtu yeyote ruhusa, wala kuyatazama maji. Tunamshukuru Mungu kwa mambo hayo. Hata hivyo yafaa tulitazame jambo moja la ajabu. Tope lilikuwa mwalimu mkali mwenye huruma: lilimwangusha mwanafunzi wake mara kumi kwa mwaka mmoja, akachubuka kiwiko, akajifunza. Lami haifanyi hivyo. Lami humwacha mtu apite salama siku mia tatu, humsifu kwa upole wa magurudumu yake, na siku ya mia tatu na moja humtoza mafunzo yote kwa mara moja. Watu waliozoea kufundishwa na tope hawana budi kumtafuta mwalimu mwingine, na hapo ndipo wengi wamekosa.

Tuwasikilize kwanza walioanguka, maana wanayo elimu, tena elimu iliyonunuliwa kwa bei.

Wanasema kwamba jicho ndilo liendeshalo pikipiki, wala si mkono. Mwanafunzi akiliona shimo mbele yake hulikazia macho kwa hofu, na chombo hufuata macho, kikaingia shimoni kana kwamba kilitumwa. Aliyekomaa hulitambua shimo, kisha hulitazama pito lililo kando yake. Tulipolisikia neno hili mara ya kwanza tulidhani ni hekaya ya vijiweni. Lakini kila fundi wa kazi hiyo hulithibitisha. Padre mmoja wa kiroho angeweza kuhubiri mafungo mazima kwa neno hilo moja.

Wanasema pia kwamba mvua ya kwanza ni mbaya kuliko mvua ya kumi. Lami iliyolala miezi kadhaa pasipo mvua hukusanya vumbi na mafuta ya magari, na yale matone ya kwanza huyageuza kuwa utelezi kama wa sabuni, mpaka mvua kubwa ije kuyaosha. Wanasema kwamba dereva wa lori linalokata kona aweza kukutazama asikuone, maana alitazamia kuona motokaa, na wewe si motokaa. Kwa hiyo usiyaamini macho yake, yaangalie magurudumu yake. Wanasema kwamba kitenge cha mama aliyeketi upande kikiachwa kining'inie huingia katika minyororo na kumvuta chini. Na tazama miguu ya abiria wa Ifakara: wangapi wana kovu la mviringo ndani ya ndama ya mguu wa kulia? Hiyo ndiyo sahihi ya bomba la moshi kwa kila aliyeshuka upande usiofaa mara moja. Mara ya pili hashuki tena upande ule. Laiti mafunzo yote yangekuwa rahisi hivyo!

Lakini sivyo yalivyo, na habari ya breki yatuonyesha kwa nini. Kijana ajifunzaye katika mchanga na tope hushika breki ya mbele siku ya kwanza, gurudumu likakwama, naye akarushwa. Tangu siku hiyo huichukia breki ile, akatumia ya mguu peke yake. Amejifunza, na mchangani amejifunza vema. Mpeleke sasa kwenye lami kavu, akienda kilomita 60 kwa saa. Kwa mwendo huo kila sekunde moja humpeleka karibu mita 17, na kabla mkono wake haujatii akili, mita hizo zimekwisha kupita. Mbele yake ng'ombe anavuka. Breki ya nyuma peke yake haitoshi. Maana chombo kinaposimama uzito wote huelemea gurudumu la mbele, na hapo ndipo nguvu ya kusimamisha ilipo. Angeikamata kwa taratibu ile aliyoiapiza, angesimama. Yeye haikamati, kwa kuwa alikwisha kufundishwa. Aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema, akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo; lakini ni nani aliyemwambia kwamba nyoka wote wanafanana na ung'ongo?

Basi twaona kwamba maumivu hayafundishi ukweli. Hufundisha hofu ya kitu kimoja. Ukweli hutaka mtu akae chini na kuuliza: kwa nini nilianguka? Je, ni breki, au ni mchanga? Je, ni ng'ombe, au ni mwendo wangu? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipozichambua sehemu za fadhila ya busara katika kitabu chake kikubwa, aliiweka kumbukumbu mahali pa kwanza. Hakuwa na maana ya kukumbuka kidonda. Alikuwa na maana ya kuyakumbuka mambo jinsi yalivyokuwa kweli, ili yajayo yapimwe kwa yaliyopita. Na adui wa kumbukumbu hiyo si usahaulifu peke yake. Adui mkubwa ni kusimulia. Sikilizeni habari za ajali zinavyosimuliwa kijiweni: siku ya kwanza msimulizi alikuwa anakwenda mbio kidogo, baada ya juma moja lori ndilo lililomfuata, baada ya mwezi amekuwa shujaa aliyelikwepa lori kwa ustadi usio na kifani. Ajali imebaki, fundisho limekwenda.

Vitabu vya zamani vya maadili, ambavyo mapadre wetu wa kale walivisoma kwa Kilatini, vilipenda kuweka mbele ya mwanafunzi watu wawili wa kubuni, Titius na Caius, na kuuliza ni nani mwenye hatia. Nasi tuwaweke wawili wa kubuni, wa kwetu, tuwaite Damasi na Nolasko. Wote wawili wanatoka Katindiuka saa moja ya jioni, jua limekwisha kutua. Mwendo wao ni mmoja, taa zao ni hafifu sawasawa, na kila mmoja ameshika simu sikioni kwa mkono wa kushoto. Mbele ya Damasi mtoto anakimbia kuvuka barabara. Damasi anayumba, anapita, shati la mtoto linapepea kwa upepo wake. Mbele ya Nolasko mtoto mwingine anakimbia vilevile, ila amechelewa sekunde moja. Damasi anafika nyumbani, anakula wali, anasimulia. Nolasko analala kituo cha polisi, na nyumba moja ya Ifakara inaanza matanga. Ni nani mwenye dhambi?

Dunia hujibu upesi kwamba ni Nolasko. Sisi twasema kwamba dunia imejibu nusu. Hatia hupimwa kwa yale mtu aliyoyajua na kuyataka, na katika hayo mawili hapakuwa na tofauti hata ya unywele kati ya vijana hawa. Katekisimu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha kwamba wana hatia nzito wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mno mbio wanahatarisha usalama wao na wa wenzao barabarani, majini au angani. Liangalieni neno lenyewe: wanaohatarisha. Haikungoja mtoto afe. Hata kabla yake Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, walipowaonya wanaojiona huru na wajibu kwa jamii, waliona vema kutaja miongoni mwao wanaozidharau sheria za mwendo. Kwa hiyo Damasi alitenda kosa lake jioni ile kabla mtoto hajatokea, na ajali aliyoepushwa nayo haikulifuta. Je, ataliungama? Twaogopa hataliungama. Watu huungama ajali, mwendo hawauungami.

Hata hivyo hatusemi kwamba wawili hawa wako sawa katika kila jambo. Kusema hivyo kungekuwa ni kumtukana mama aliyefiwa. Nolasko amebeba deni ambalo Damasi halijui. Liko kaburi, iko familia ambayo haina budi kuombwa msamaha na kusaidiwa kwa miaka mingi, viko vilio vya usiku ambavyo hakuna hakimu aviamuruye. Dhambi yaweza kuwa sawa na mzigo usiwe sawa. Kwa nini Mungu aliruhusu mzigo huo umwangukie mmoja na kumpita mwingine? Hapa mwanadamu hana budi kufumba mdomo. Bwana wetu mwenyewe aliulizwa jambo la namna hiyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, aliwakumbusha watu wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia waliokuwa hai, akawaambia habari yao wenyewe. Aliyepona ndiye aliyehutubiwa. Katika kesi yetu aliyehutubiwa ni Damasi.

Naye Damasi anasemaje? Anasema: Mungu ameniokoa. Ni neno zuri, na mkristu asiyelisema baada ya kuponea kifo ana moyo wa jiwe. Lakini lipo shukrani na lipo jina la shukrani. Mtu akimshukuru aliyemlipia deni, kisha kesho yake akakopa tena kwa mfadhili yuleyule na kwa ulevi uleule, tumwite mwenye shukrani? Ibilisi alipomweka Bwana juu ya kinara cha hekalu hakumwomba aache kumwamini Mungu. Alimwomba amwamini Mungu na kujitupa chini. Kwenye usukani wa pikipiki nyingi imening'inia rozari. Wengine wana medali ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri. Twapenda kuziona. Ila Mtakatifu Kristofa, kama mapokeo yanavyosimulia, aliuvuka mto akimbeba Mtoto mabegani, hatua kwa hatua, na fimbo mkononi akipima kina.

Wapo watakaotujibu kwamba ajali haina kinga. Methali hii tumeisikia katika mazishi mengi mno, na ni kweli kwa ajali zile zilizo ajali: tairi lililopasuka ghafula, mti uliokatika, nyuki. Lakini tumeipa kazi isiyo yake. Mtu akiendesha pasipo taa na kugonga, hiyo si ajali, ni matokeo. Wahenga haohao walisema mwenda pole hajikwai, wakasema pia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hizo hatuzikumbuki matangani.

Tulimtaja Mtakatifu Tomaso na kumbukumbu. Miongoni mwa sehemu za busara alitaja nyingine ambayo kwa lugha yetu twaweza kuiita usikivu, yaani utayari wa kufundishwa na mwingine. Kwa sababu, asema, mambo ya maisha ni mengi mno, na mtu mmoja hawezi kuyajua yote kwa muda mfupi. Uko mfano mmoja wa usikivu huo ambao twapenda uenee. Mwezi Mei mwaka 1935, huko Dorset, Uingereza, alianguka kwa pikipiki mtu mashuhuri, T. E. Lawrence, aliyepata kupigana Uarabuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alikuwa akiwakwepa wavulana wawili wenye baiskeli. Hakuvaa kofia ngumu. Siku zile waendeshaji wachache mno walivaa. Baada ya siku sita alifariki kwa jeraha la kichwa. Miongoni mwa madaktari waliomwangalia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Yeye hakuweza kumponya. Lakini hakusema kwamba ajali haina kinga. Alianza kuchunguza vifo vya askari wapeleka barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 akatoa maandishi yaliyoonyesha jinsi kofia ngumu ilivyozuia mauti. Jeshi lilimsikia kwanza. Sheria ya kuwalazimisha raia wa Uingereza ilikuja mwaka 1973, naye alikwisha kufa miaka mingi kabla yake. Uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, uliokusanywa mahali pamoja miaka ya baadaye, umeonyesha kwamba kofia hiyo hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi, na vifo kwa asilimia 42 hivi. Ni nani aliyejifunza katika habari hii? Si Lawrence. Alijifunza mtu ambaye hakuanguka, aliyesimama kando ya kitanda cha aliyeanguka, akakataa kuondoka mikono mitupu.

Vitanda vya namna hiyo tunavyo sisi pia. Katika kila hospitali ya bonde na nje ya bonde wamelala vijana wenye vyuma miguuni, na sisi huenda kuwaona na machungwa, tukawaambia poleni, tukaondoka. Ni mara ngapi tumewauliza: ilikuwaje? Wao wangependa kusema. Kijana mmoja aliyevunjika paja, akieleza kwa ukweli nusu saa mbele ya vijana wa kijiwe chake, afaa kuliko mabango kumi ya tahadhari. Na sharti la usikivu huo ni kwamba asiaibishwe. Anayejua kwamba atachekwa ataleta lile lori la kusingiziwa tulilokwisha kulitaja.

Sasa hatuna budi kusema neno kwa watu wasiokaa juu ya usukani kamwe. Pikipiki nyingi si mali ya waendeshaji. Iko desturi ya hesabu: kila jioni kijana humpelekea mwenye chombo kiasi walichopatana, mvua inyeshe au isinyeshe. Iko na ile ya mkataba, ambayo kijana hulipa kila siku mpaka chombo kiwe chake. Hatuziiti dhambi desturi hizi. Kwa mikataba hiyo vijana wengi wamepata mali ambayo hakuna benki ingewakopesha. Lakini fikirini saa kumi na mbili jioni, hesabu haijatimia, na mwenye mali hataki kusikia habari ya mvua. Ni nani anayeongeza mafuta mkononi? Mkono ni wa kijana. Lakini katika mkono ule uko mkono mwingine. Mwenye mali aweza kupokea hesabu miaka mitano asitelezeke hata mara moja, maana yeye hutelezea katika magoti ya mwingine. Huenda ni mzee wa kanisa; huenda ni mwalimu, au muuguzi, au jamaa wa mwandishi wa gazeti. Tunamwuliza: je, amepata kusema hata siku moja, leo imenyesha, leta nusu? Je, amenunua kofia ya pili, ya abiria? Tairi lililokwisha meno, nani alilipe? Na abiria naye asidhani ametoka. Yeye ndiye aliyesema, kijana, nimechelewa, kanyaga. Akafika, akalipa, akamsahau.

Liko jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Twaliandika kwa huzuni. Mtu akigonga, sheria yetu ya usalama barabarani yataka asimame, asaidie, na polisi wapewe habari. Dhamiri yataka hivyohivyo. Lakini kila mwendeshaji anajua yanayoweza kumpata akisimama: watu hukusanyika, mawe huokotwa, chombo huchomwa moto, na pengine mtu. Na vijana wa pikipiki nao, mwenzao akigongwa na motokaa, wamejulikana kufanya vivyo hivyo kwa dereva, pasipo kuuliza nani aliyekosa. Kwa hiyo mtu hukimbia. Majeruhi hubaki barabarani, damu yake ikimwagika, dakika ambazo zingemwokoa zikapita. Twasema wazi kwamba akimbiaye ana hatia, isipokuwa aliyekwenda moja kwa moja kituoni kujisalimisha na kuomba msaada kwa sababu uhai wake ulikuwa hatarini kweli. Lakini twasema pia kwamba walioshika mawe ndio waliomfundisha kukimbia. Kila dereva aliyepigwa mwaka huu ni majeruhi mmoja atakayeachwa barabarani mwaka ujao. Mtu aliye kwenye kundi la namna hiyo asijidanganye kwamba alikuwa akitetea maisha ya watoto.

Idara ya Kiti Kitakatifu iliyokuwa ikishughulikia wahamiaji na wasafiri ilitoa mwaka 2007 mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, na ndani yake amri kumi kwa madereva. Magazeti ya dunia yalizicheka kidogo, kama yanavyocheka kila kitu kitokacho Roma chenye hesabu ya kumi. Moja ya amri hizo yataka mkosaji na aliyekoseshwa wakutanishwe kwa wakati ufaao, ili wapate kusameheana. Kwa wakati ufaao, yaani si siku ya mazishi. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wako wazee na akina mama wenye uwezo wa kuifanya kazi hiyo kuliko mahakama yoyote: kumwendea Nolasko baada ya kifungo chake, na kumwendea yule mama, mara moja, mara mbili, hata mara kumi, pasipo kuharakisha. Tunajua kwamba kazi hiyo hufanyika mahali pengine kwa siri, wala haiandikwi.

Tulikuwa tumeyamaliza haya tulipokumbuka mambo tunayoyaona kila Dominika, Misa ya kwanza inapotoka. Mama anakuja na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja wa miaka sita amemshika mkono. Kijana wa pikipiki amekwisha kuusogeza mguu wake ili mtoto mkubwa akae mbele, juu ya tangi. Kofia iko moja, nayo kijana ameivaa. Nauli ya safari mbili mama hana, na jua litakuwa kali kabla ya saa nne. Ni safari fupi, atasema. Tumeifanya kila juma wala hatujapata neno. Nasi tunasimama pale mlangoni tukiwa na maji ya baraka vidoleni, tukimtazama. Mmoja wetu mwenye shilingi za nauli ya pili mfukoni aweza kuzitoa. Mwingine anaweza kumshika mtoto mkubwa mkono na kutembea naye kwa miguu mpaka Katindiuka.